Kilo Tano Kasoro Kidogo

Mpe mtoto wa darasa la tano swali hili aliandike kwenye daftari: 4.5 + 0.38. Watoto wengi watalipanga kama walivyozoea kupanga namba nzima, tarakimu ya mwisho juu ya tarakimu ya mwisho, tano juu ya nane na nne juu ya tatu. Tano na nane kumi na tatu, andika tatu, weka moja. Nne na tatu saba, na ile moja nane. Kisha linakuja suala la nukta, na hapo kila mmoja ana lake. Huyu ataandika 8.3, yule 0.83. Kujumlisha wamejumlisha vizuri, maana 45 na 38 ni 83 kweli. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza, kabla hawajashika kalamu: nne na nusu ukiiongezea kitu kisichofika nusu, utapata kama ngapi hivi?

Muulize mtoto huyohuyo swali lilelile kwa mdomo, akiwa amesimama mbele ya meza ya mchele sokoni Ifakara. Mama kapima kilo nne na nusu, kaongeza nyingine isiyofika nusu. Mfuko una kilo ngapi? Atakujibu tano kasoro kidogo, na hatahitaji karatasi. Jibu kamili ni 4.88. Mtoto mwenye hiyo "tano kasoro" kichwani hawezi kuandika 8.3 akaridhika nayo. Tatizo ni kwamba akiingia darasani anaiacha nje. Maneno yangu leo ni kwa wazazi na walimu wa bonde la Kilombero, na yanahusu namna ya kumfanya aingie nayo.

Vitabu na video nyingi za kutoka nje hufundisha desimali kwa pesa. Dola ina senti mia, kwa hiyo mtoto wa Marekani anaiona 3.75 kwenye bei ya mkate kila siku. Kwetu senti zilishatoka mikononi mwa watu zamani, na hata shilingi moja yenyewe hakuna anayeidai chenji dukani. Ukimfundisha mtoto wa Kibaoni au Mang'ula desimali kwa shilingi na senti, unamweleza asichokijua kwa kutumia asichowahi kukishika. Desimali zetu ziko kwingine. Ziko kwenye mizani ya kidijitali, kwenye pampu ya mafuta, kwenye rula, kwenye kadi ya kliniki, kwenye mita ya LUKU na kwenye stakabadhi ya miwa. Huko ndiko pa kwenda kuzichukua.

Tena kuna mtaji ambao mtoto wa huku anao na hatuutumii. Anaijua robo, nusu na robo tatu kabla hajaijua nukta. Ametumwa dukani robo ya sukari, nusu ya maharage, kilo na robo ya unga, na hajawahi kurudi na kiasi kisicho chake. Basi hivyo ndivyo viwe vituo vyake: 0.25, 0.5 na 0.75. Kitabu humwambia akadirie hadi namba nzima iliyo karibu au hadi sehemu ya kumi iliyo karibu, na kanuni ni ileile ya tano kwenda juu. Kanuni hiyo aijue, mtihani utamuuliza. Lakini kwa kukadiria jumla kichwani, robo na nusu zinamfaa zaidi. 2.27 ni mbili na robo. 6.48 ni sita na nusu. Mbili na robo na sita na nusu ni nane na robo tatu. Akihesabu atapata 8.75, yaani safari hii makadirio yameangukia jibu lenyewe. Haitokei kila mara, na aambiwe hivyo mapema asije akadhani kukadiria ni kubahatisha jibu.

Kabla ya kwenda mbali kuna kikwazo cha kuondoa. Watoto wengi husoma 3.75 kuwa "tatu nukta sabini na tano", na wakisoma hivyo wataapa kwamba ni kubwa kuliko 3.8, kwa kuwa sabini na tano imeizidi nane. Wasome tarakimu mojamoja, tatu nukta saba tano. Kisha wape kitu wanachokijua. Daraja la Magufuli pale mto Kilombero lina urefu wa mita 384, yaani kilometa 0.384. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ni kilometa 66.9. Waulize kipi ni kirefu, daraja zima au ile 0.9 ya mwisho ya barabara? Kuna atakayesema daraja, kwa sababu 384 ni kubwa kuliko 9. Usimkatalie. Mwambie azigeuze zote kuwa mita, 384 kwa 900, halafu mwache anyamaze mwenyewe. Asiyeona kwamba 0.384 iko chini ya nusu hawezi kukadiria chochote, hata ukimkaririsha kanuni mwaka mzima.

Sasa kujumlisha. Mzoeshe kuanza na namba nzima, halafu azifuate desimali zinazokamilisha moja. Tuseme ana 2.4 + 3.7 + 1.55 + 0.3. Namba nzima ni mbili, tatu na moja, jumla sita. Kwenye mabaki, 0.7 na 0.3 zinatengeneza moja, 0.4 na 0.55 zinakaribia moja nyingine. Makadirio ni nane, jibu ni 7.95. Njia hii inampendeza mtoto kwa sababu inafanana na kutafuta wenza, na nimeona hata wale wanaoikimbia hesabu wakiinua mikono.

Ila kuna mtego, na walimu wengi huupita bila kuutaja. Chukua 4.4 + 3.4 + 2.4. Mtoto anayefuata kanuni ya namba nzima iliyo karibu atashusha zote: nne, tatu, mbili, jumla tisa. Jibu ni 10.2. Hajakosea kanuni hata mara moja, na bado amepungukiwa na zaidi ya moja nzima. Alichokitupa ni 0.4 mara tatu. Kwa hiyo swali la kufuatia kila makadirio liwe hili: nilichotupa na nilichoongeza vinafidiana, au vyote vimekwenda upande mmoja? Hapa vyote vimekwenda chini, basi jibu halisi liko juu ya tisa. Kwa hesabu hii nusu zingemsaidia zaidi, maana nne na nusu, tatu na nusu na mbili na nusu ni kumi na nusu, na hapo amekaribia.

Ukitaka kuona watu wazima wakifanya fidia hiyo bila kuiita jina, nenda wanakopima mchele wa jumla. Magunia yaliyokusudiwa kuwa ya kilo 100 hayatoki sawasawa. Tuseme manne yamesoma 98.6, 99.2, 97.8 na 100.3. Hakuna anayejipangia safu nne za tarakimu. Gunia nne ni mia nne. La kwanza limepungua moja na nusu hivi, la pili robo tatu, la tatu mbili na robo, la nne limezidi robo. Upungufu unafika nne na nusu, toa robo iliyozidi, umebaki nne na robo. Basi mzigo ni 396 kasoro robo. Jumla yenyewe ni 395.9. Mfundishe mtoto njia hiyo kwa namba zozote zinazozunguka namba moja ya mviringo, kisha umruhusu aifanye mbele yako kwenye mizani. Kwa kuwa tumefika kwenye magunia, hilo la nne Wakala wa Vipimo wangelitazama mara mbili, kwani kilo 100 ndiyo mwisho unaoruhusiwa, na lumbesa huanza hivyohivyo kwa kidogo kidogo.

Upande wa Msolwa na Sanje, ambako kaya nyingi ziko kwenye miwa, stakabadhi za mizani huandikwa kwa tani na desimali mbili. Safari tatu za 11.42, 9.86 na 10.15 ni kumi na moja na nusu, kumi na kumi, jumla thelathini na moja na nusu. Jumla kamili ni 31.43. Karatasi ikija imeandikwa 21.43, mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa wa kwanza nyumbani kuuliza tani kumi zimeenda wapi.

Kutoa ndiko kunakohitaji uvumilivu. Andika 6 − 2.35 ubaoni uone. Jibu litakalojirudia sana ni 4.35. Mtoto ametoa mbili kwenye sita akapata nne, akaiona 35 haina kitu juu yake, akaishusha kama ilivyo. Mwingine ataiweka 6 juu ya 5 ya mwisho, atoe kinyumenyume, apate 2.29. Usikimbilie kueleza kukopa. Muulize huyu wa kwanza: ulikuwa na lita sita za mafuta ya taa, ukatoa mbili tu bila kitu, utabaki na ngapi? Nne. Sasa umetoa mbili na kitu juu yake. Utabaki na zaidi ya nne au chini ya nne? Mtoto akishasema "chini", 4.35 imeshajifuta yenyewe. Ndipo umwonyeshe kuandika 6.00, nukta chini ya nukta, na kukopa, na sasa anaona sababu ya kujifunza kukopa. Makadirio yake yawe sita toa mbili na robo, tatu na robo tatu. Jibu ni 3.65, na 2.29 ya mwenzake nayo inaonekana iko mbali.

Jambo la pili kwenye kutoa ni kinyume cha mazoea ya kujumlisha. Ukijumlisha, ukipandisha namba moja na kushusha nyingine, makosa yanafidiana. Ukitoa, hayo hayo yanaongezeana. Tazama 8.6 − 3.4. Kwa kanuni ya kitabu, 8.6 inapanda kuwa tisa na 3.4 inashuka kuwa tatu, tofauti sita. Jibu halisi ni 5.2. Umeirefusha ncha ya juu kwa 0.4 na ncha ya chini kwa 0.4, na pengo limepanuka kwa 0.8. Lakini 8.6 − 3.7, zote zikipanda, ni tisa toa nne, tano, na jibu ni 4.9. Kwa hiyo kwenye kutoa mwambie mtoto azisogeze namba zote mbili upande mmoja. Kwa 8.6 na 3.4 azishushe zote kwa 0.4, zibaki 8.2 na 3, na hapo jibu liko wazi. Mchoree mstari wa namba chini kwa kijiti, aweke jiwe kwenye 3.4 na jingine kwenye 8.6, ayasogeze pamoja. Umbali kati yao haubadiliki, na dakika tano za kusogeza mawe zinamtosha kuuona ukweli huo.

Niseme pia pale ambapo makadirio hayafai, maana mtoto anayekadiria kila kitu naye ana hatari yake. Mdogo wake alipimwa kliniki mwezi uliopita akawa na kilo 9.4. Mwezi huu amesoma 9.1. Kwa namba nzima, tisa toa tisa ni sifuri, hakuna kilichobadilika. Kumbe mtoto amepungua 0.3 ya kilo, gramu mia tatu, na kadi ya kliniki iliwekwa ili mabadiliko kama hayo yaonekane. Joto la mwili ni hivyohivyo. Kati ya 36.9 na 37.4 kuna nusu nyuzi, na ukizikadiria hadi namba nzima zote zinakuwa 37. Vipimo vya dawa ndivyo kabisa usimruhusu. Kanuni anayoweza kuishika ni kwamba namba mbili zikikaribiana sana, tofauti yao iko kwenye zile tarakimu ambazo makadirio huzitupa.

Mfano mkubwa wa jambo hilo uko hapahapa bondeni, na ningependa kila mwalimu autumie. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina mita 1.067 kati ya chuma na chuma. Tawi la Reli ya Kati lililotoka Kilosa kuja Kidatu lina mita 1.000. Kadiria hadi namba nzima, moja toa moja ni sifuri, reli ni sawa. Magurudumu hayakubali. Mzigo uliofika Kidatu kwa reli moja ulihitaji kuhamishiwa behewa la reli nyingine kwa sababu ya tofauti hiyo. Kadiria hadi sehemu ya kumi upate 1.1 − 1.0, yaani 0.1 ya mita, sentimeta kumi. Kadiria hadi sehemu ya mia upate 1.07 − 1.00, sentimeta saba. Hesabu kamili inatoa 0.067, sentimeta 6.7. Mpe mtoto rula azichore hizo sentimeta 6.7 kwenye daftari, halafu aseme ni makadirio yapi kati ya hayo matatu angempa fundi wa reli.

Kuna na kukadiria kwa makusudi. Anayetaka kujua kama dizeli aliyonayo itamaliza shamba kwa pawatila, hupandisha matumizi: 7.25 na 5.6 aziite nane na sita, achukue lita kumi na nne, asikwame katikati ya jaruba. Anayekisia mpunga atakaouza ili alipe ada, hushusha. Mtoto aulizwe kila mara, ukikosea ni afadhali uzidishe au upunguze? Swali hilo halina kanuni kitabuni, na hapo ndipo utajua kama ameelewa.

Mazoezi hayahitaji gharama. Nyumba yenye LUKU ina desimali ukutani. Jioni mtoto asome uniti zilizobaki, tuseme 14.3, na jana zilikuwa 17.9. Kabla ya kuhesabu aseme zimetumika ngapi. Kumi na nane toa kumi na nne ni nne. Halafu ajiulize ile habari ya ncha mbili: moja imepanda, nyingine imeshuka, kwa hiyo nne ni nyingi kidogo. Ahesabu, apate 3.6. Dakika mbili zinatosha, na ukoo mzima utajua nani anaacha pasi kwenye umeme.

Pasipo na umeme kuna mvua, nayo bondeni haitakosekana kati ya Machi na Mei. Tafuta chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata shingo, uigeuze ikae juu kama faneli. Kitako cha chupa nyingi kina mabonde, kwa hiyo mimina maji kwanza hadi yafunike mabonde hayo, weka alama, na upimaji uanzie kwenye alama. Iwekwe uwanjani mbali na miti na paa. Kila asubuhi mtoto aweke rula ubavuni, asome sentimeta na sehemu za kumi, aandike, kisha arudishe maji kwenye alama. Wiki ikiisha atakuwa na kitu kama 1.8, 0.4, 3.3 na 2.6. Makadirio kwanza: moja, tatu na mbili ni sita, 0.8 na 0.4 moja na ushei, 0.3 na 0.6 moja kasoro. Nane. Jumla ni 8.1. Namba hizo ni zake, kazipata kwa kuamka mapema, na atazigombania nukta zake kuliko za kitabuni.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa atasema hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Tumia vidole. Andika swali, wape sekunde za kuhesabu hadi kumi kimoyomoyo, kisha sema "onyesheni". Kila mtoto ainue vidole vya makadirio yake kifuani, asione wa jirani. Kwa 6 − 2.35, vidole vinne au vitatu vyote vinapita, sita havipiti, na kwa kutupa jicho mara moja umeshajua safu ipi ukaikalie. Usitoe alama kwa makadirio wala usiyafute. Ukianza kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu, watahesabu jibu kwanza kwa siri, halafu waandike makadirio baadaye yafanane nalo. Nimeyaona madaftari ya namna hiyo, makadirio yote yana desimali mbili.

Kuhusu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, maswali mengi ya Hisabati ni ya kuchagua jibu, na majibu potofu huwa yametengenezwa kutokana na makosa yaleyale ya kupanga nukta. Kwa 12.6 + 3.85 + 0.7, anayekadiria ana kumi na mbili na nusu, nne na robo tatu, yaani kumi na saba na robo. Akikuta 5.18, 51.8, 17.15 na 17.05, mawili ya kwanza anayakata papo hapo. Yaliyobaki yamekaribiana mno, na makadirio hayawezi kuyaamua. Aandike nukta chini ya nukta, 12.60, 3.85, 0.70, ajumlishe.